Laki Moja na Tatu

Mimi ni mshonaji, na mshonaji hafui nguo bila kukagua mifuko. Hiyo si tabia mbaya, ni kazi. Nimeshatoa mifukoni mwa watu misumari, jino la bandia, na siku moja barua ya mapenzi ambayo mwenyewe aliikana mbele yangu huku akiikunja vizuri na kuirudisha mfukoni. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nilikuwa namchunguza mume wangu. Nilikuwa nafua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Katika mfuko wa kifuani wa shati lake la mistari nilikuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Mwandiko wake naujua, herufi zimesimama wima zote kama zinangoja ukaguzi. Kilisema hivi:

"Huyu wa kwanza ni tasa. Nimemjaribu mara 65, hakuna shaka tena. Jumanne nimpe Mwalimu habari."

Niliipindua ndoo nikaikalia, nikasoma tena. Kisha nikasoma mara ya tatu, polepole, kidole chini ya kila neno, kama ninavyopima kitambaa cha mteja mgomvi.

Neno lenyewe lilikuwa pale, tasa. Mimi na hilo neno tunafahamiana. Nimeolewa miaka thelathini na moja na sijawahi kunyonyesha. Wanawake wa rika langu hapa mtaani wanaitwa kwa watoto wao, Mama wa huyu na Mama wa yule, hata yule ambaye mwanawe yuko jela anaitwa kwa jina la mwanawe na anaitika. Mimi ni Fundi. Wanadhani wananiheshimu kwa ajili ya cherehani, lakini najua walitafuta jina lingine la kuniita wakalikosa.

Halafu hiyo "wa kwanza". Mtu akisema wa kwanza, wa pili yuko njiani. Na hizo mara sitini na tano ndizo zilizonitoa jasho kabisa. Sikujua kama ni nyingi au ni chache kwa miaka thelathini na moja, wala sikujua ni mwanamume gani anayeweka hesabu ya mambo hayo. Kisha nikakumbuka nimeolewa na nani.

Mume wangu alifanya kazi miaka thelathini na tano katika kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kupiga namba. Tikiti, vyeti, fomu, kila karatasi iliyotakiwa kuwa na namba yake ilipita mikononi mwake. Mashine ile ina magurudumu madogo sita, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna namba iliyorukwa wala iliyopigwa mara mbili. Wenzake walimwita Hakika, kwa sababu ukimwambia jua limetoka, atatoka nje aangalie kwanza. Hata nyumbani, akihesabu vijiko na kimoja kikakosekana, husema, "Mmoja katoroka, mtafute."

Siku aliyostaafu, miezi saba iliyopita, wakubwa walitaka apige namba yake ya mwisho mbele ya watu wote, na namba hiyo iwe laki moja kamili, ipendeze kwenye picha. Yeye akawa anamwelekeza mrithi wake mahali pa kutia mafuta, mashine ikapita. Iliposimama ilisoma 100003. Kiwanda kizima kikacheka. Hakika kapitiliza, tena kwa tatu, tena siku ya mwisho. Wakaitia fomu iliyopigwa namba hiyo kwenye fremu ya kioo wakampa zawadi. Alicheka nao, lakini mimi niliyekuwa nimesimama na wageni nilimwona anaitazama namba ile tena na tena. Fremu tuliitundika sebuleni juu ya redio, na kila Ijumaa nilipoipangusa vumbi niliionea haya kidogo.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa kukaa na kutazama ukuta. Kisha, kama miezi miwili kabla ya kile kikaratasi, akaanza kutoka. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, kanyoa ndevu, daftari kalizungushia gazeti kwapani. Nikimuuliza, anakwenda kunyoosha miguu. Machale yalinicheza siku ya kwanza, maana sijaona miguu inayohitaji daftari ili inyooke.

Alhamisi moja nikajitia napeleka gauni la mteja, nikamfuata kwa mbali. Alipita duka la dawa, akakata kushoto, akaingia kwa Mwalimu. Huyo Mwalimu ni mjane, alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na ana watoto watatu wakubwa walioko mbali na wanaomtumia picha za wajukuu. Nguo ya harusi ya bintiye nilimshonea mimi mwenyewe, nikajipa shida ya kutia shanga moja moja. Kupitia dirisha la barazani nikaona vichwa viwili vimeinamia meza moja. Mwalimu akasema kitu, mume wangu akacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu astaafu, na kiliniuma kuliko kama ningemkuta amemshika mkono.

Sikusema kitu. Mtu ukisema mapema unampa mwenzako nafasi ya kupanga majibu. Nilingoja ushahidi, na Jumamosi ile ushahidi ukaja wenyewe, umekunjwa mara nne.

Jumapili akaja wifi. Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, na akikaa kitini kiti kinajua. Mimi siku hiyo kila neno nilikuwa naligeuza nione upande wa ndani. Akasema kaka yake siku hizi amependeza. Akasema mtu akistaafu bado ana nguvu, ndipo anapata muda wa kufikiria mambo ambayo hakuyafanya. Akasema kuna watu wanapata watoto waliokwishakua, hawapati hata kazi ya kuosha nepi. Huenda alikuwa anaongea tu, lakini mimi niliona njama nzima imekaa sebuleni kwangu inakunywa chai. Nikamtazama mume wangu, naye alikuwa anatazama ile fremu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Mwaka wetu wa nne wa ndoa tulikwenda hospitali, wote wawili tukapimwa. Siku ya majibu yeye alikuwa zamu, nikaenda peke yangu. Daktari alifunga mlango akaniambia kwa upole kwamba mimi sina tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kwa mwenzangu, na halikuwa na dawa. Akanipa karatasi yenye mhuri. Nilitembea nayo mpaka nyumbani kwa miguu, na njiani nikaamua. Nilikuwa nampenda, na niliwajua wanaume wa kiwandani kwake na utani wao. Nikamwambia daktari amesema sote wazima, ni bahati tu, tusubiri. Alinikumbatia pale mlangoni, mimi nikiwa na ile karatasi kifuani ndani ya nguo.

Kuichoma sikuweza. Mimi si mtu wa kuchoma ushahidi. Nilichukua koti lake la harusi, ambalo lilikuwa limeanza kumbana, nikafumua bitana chini ya kwapa, nikaitia karatasi humo, nikashona. Toka siku hiyo nikaanza kuitwa tasa, kwanza nyuma ya milango, halafu hadharani. Mama mkwe alipofariki, miaka kumi na tisa iliyopita, wifi alisimama mbele ya wageni jikoni akasema kaka yake ameoa tasa na amevumilia, na kwamba mama yao amekufa na kiu ya mjukuu. Wanawake wakanitazama. Mimi nikaendelea kuosha vikombe. Nilijiambia moyoni kwamba nabeba mzigo wa mtu ninayempenda, na mtu huyo hajui, na kwa kuwa hajui hana kosa.

Sasa mtu huyo huyo ameandika kwa mkono wake kwamba tasa ni mimi, na anampelekea mwanamke mwingine habari.

Jumanne alitoka saa nne, kanyoa. Alipokunja kona tu, nikalitoa koti kabatini. Nilikuwa nimekata shauri. Nitaitoa karatasi ya daktari, nitakwenda mpaka kwa Mwalimu, na yule mjane ajue anapokea nini kabla hajapokea. Nikachukua mkasi.

Niligeuza koti, nikaleta bitana dirishani penye mwanga, nikatafuta mshono wangu. Haukuwepo.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Mishono yangu ya mkono inalalia upande wake, midogo, imebanana, na fundi yeyote wa mji huu anaitambua. Koti lile nilikuwa nimelishona kwa uzi wa buluu iliyoiva. Pale chini ya kwapa palikuwa na uzi mweusi, mishono mikubwa, inalalia kulia, mingine imerudiwa mara mbili na mtu aliyekuwa anaogopa isifumuke. Mtu wa kuhakikisha. Nilifumua nusu yake, na karatasi ilikuwa ndani, ila niliikunja mara mbili nikaikuta imekunjwa mara nne.

Kumbe alijua. Alijua, na bado ameandika kile kikaratasi. Nilivua aproni, kisha nikaivaa tena, maana nilitaka wanione nilivyo. Nikairudisha karatasi ndani, nikatupia koti begani nikaondoka.

Kwa Mwalimu sikubisha hodi. Walikuwa mezani barazani, daftari limefunguliwa katikati yao, safu za namba kutoka juu hadi chini. Mume wangu aliponiona alifunga daftari haraka, na mimi nilimwona alivyolifunga. Nikaweka kikaratasi juu yake.

"Wa kwanza amekuja mwenyewe," nikasema. "Hiyo habari nipeni nikiwepo."

Mwalimu alivaa miwani akasoma. Alisoma mara moja tu, kisha akamgeukia mume wangu. "Hujamwambia?"

"Sijamwambia," akasema yeye, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, kaa," Mwalimu akaniambia. "Huyu aliyeandikwa hapa si mtu. Ni namba."

Nilimwambia mimi si mtoto. Hakubishana nami. Aliniuliza kama nina vifungo, na mimi aproni yangu haikosi vifungo. Nikavimwaga mezani kwa hasira, vingine vikaanguka. Akahesabu kumi na viwili, akavipanga safu tatu, vinne kila safu. Akavipanga tena safu mbili za sita sita. Kisha akaongeza kimoja, vikawa kumi na vitatu, akaniambia nivipange nitakavyo, safu zote ziwe sawa. Nilijaribu shingo upande. Safu mbili, kimoja kikabaki. Tatu, kimoja kikabaki. Nne, kimoja kikabaki. Tano, vikabaki vitatu. Kumi na tatu ilikubali kukaa kwenye mstari mmoja mrefu tu.

"Namba ya namna hiyo haigawanywi na kitu ila moja na yenyewe," akasema. "Vitabuni inaitwa namba tasa."

"Nani aliyeiita hivyo?"

"Si mimi. Na ningeulizwa, nisingeiita hivyo."

Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kukaa kwenye cherehani, hizo namba tasa hazikuwahi kunifikia. Lakini hata ningefika mbali zaidi, sidhani neno lile lingenijia kwa sura nyingine Jumamosi ile. Nikamuuliza na hizo mara sitini na tano ni za nini. Hapo mume wangu akajisahau. Alifungua daftari, na uso wake ukawa ule wa zamani, wa siku alizokuwa akirudi kazini na wino kuchani.

Akanieleza kwamba ni ile namba yake ya kwenye fremu. Alipochekwa siku ile, lilimkaa rohoni, akataka kujua namba aliyopitiliza ina kitu gani ndani yake au haina kitu. Kiwandani wamezoea kuzitaja namba kama watu, huyu kapita, yule kaharibika, naye ameandika vivyo hivyo. Ameigawa laki moja na tatu kwa mkono, namba tasa moja baada ya nyingine. Kwa saba, inabaki moja. Kwa kumi na tatu, zinabaki saba. Kwa ishirini na tatu, imepungua moja tu, ingeongezwa hiyo moja ingeingia, siku hiyo hakulala vizuri. Akaenda hivyo mpaka mia tatu na kumi na tatu. Zote sitini na tano zilikataa.

"Na kwa nini ukaishia hapo?" nikamuuliza. Mtu ana hatia mpaka amalize kujieleza.

Mwalimu ndiye aliyejibu. Wanaogawa namba huja wawili wawili, akasema, mkubwa na mdogo, kama nne na tatu kwenye vile vifungo kumi na viwili. Ukiwajaribu wadogo wote ukawakosa, mkubwa hana mwenzake, kwa hiyo hayupo. Kwa laki moja na tatu, wadogo wanaishia kwenye mia tatu na kidogo.

"Na ni wa kwanza, Fundi," mume wangu akasema. Yeye naye huniita Fundi. "Laki kamili inagawanyika kwa mbili. Laki na moja inagawanyika kwa kumi na moja. Laki na mbili, kwa mbili tena. Katika zote za tarakimu sita, huyu ndiye tasa wa kwanza. Nyuma yake hakuna mwingine mpaka urudi tisini na tisa elfu mia tisa tisini na moja. Ukimwandika kinyumenyume anakuwa laki tatu na moja, na hapo kumi na tatu inamla. Lakini hivi alivyosimama, hakuna wa kumgusa. Mashine haikupitiliza. Ilimfikia yeye ikasimama."

Aibu iliniingia mpaka vidoleni. Nilikuwa nimetembea mtaa mzima na aproni, macho yamenitoka, kwa sababu ya namba. Nilikaribia kucheka. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa, ndipo koti likaniteleza begani, na mume wangu akaliona.

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Alilitazama koti, akanitazama, akaanza kuvikusanya vifungo mezani kimoja kimoja.

"Kwa nini ulinificha hii hesabu?" nikamuuliza. "Ungeifanyia nyumbani. Meza ninayo."

"Neno lenyewe," akasema. "Sikutaka kulileta nyumbani kwetu."

"Nyumbani kwetu limekuwepo miaka ishirini na saba. Nimelizoea."

Nilitandaza koti juu ya daftari, bitana juu, nikaweka kidole kwenye ule uzi mweusi. Mwalimu aliinuka akasema anakwenda kutazama maji jikoni, na maji hakuwa ameyabandika.

"Mshono huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Wa lini?"

Alisema wa siku aliyomzika mama yake. Alilivaa koti kwa sababu hakuwa na lingine jeusi, na alipoinua mkono kutupa udongo akasikia karatasi inalia kwapani. Aliporudi nyumbani akajifungia chumbani, akafumua, akasoma. Kisha akatafuta sindano kwenye kopo langu, na uzi aliouona kwanza.

"Dada yako aliongea jikoni siku ile ile," nikasema.

"Nilikuwa nimeshaisoma, nimesimama mlangoni. Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Alikuwa amevishika vile vifungo vyote kwenye ngumi. "Nilisema nitasema kesho yake. Halafu mwaka huo. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Wewe ulikuwa umenitengenezea pa kujificha, Fundi, na mimi nilipoona panatosha, nikakaa."

Niliona uchungu ambao sikuwahi kuuona katika miaka yote ya kuitwa lile jina. Nilipobeba mzigo nikidhani hajui, nilikuwa na kitu cha kujivunia. Kumbe alikuwa ananitazama nikibeba. Hawara sikumkuta pale, hilo nilikosea kabisa. Lakini kwamba mume wangu ana kitu amekificha, machale yangu hayakukosea, yalichelewa tu kwa miaka kumi na tisa.

"Namba umeijaribu mara sitini na tano ndipo ukathubutu kuiandika tasa," nikamwambia. "Mimi nilijaribiwa mara ngapi? Mwalimu anasema huja wawili wawili. Na sisi tulikuwa wawili."

Alilia. Mume wangu si mtu wa kulia, na sikumfuta machozi. Baadaye akasema atamwambia dada yake. Nikamuuliza lini. Akasema Jumapili, akija. Nikamwambia leo ni Jumanne, na dada yake anakaa mitaa mitatu kutoka hapo, na yeye siku hizi ana miguu inayopenda kunyooshwa.

Tulikwenda. Yeye mbele na karatasi ya daktari, mimi nyuma na koti.

Wifi alikuwa anakunja nguo alizozianua, mlima mzima kwenye kitanda cha barazani. Mume wangu hakukaa. Akasema, "Dada, yale uliyokuwa ukimsema mke wangu, siye. Ni mimi. Mimi ndiye tasa."

Wifi aliacha kukunja, shuka mikononi, akanitazama mimi, si yeye. Nilijua anafikiri nini, maana ningekuwa yeye ningefikiri hivyo hivyo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa kaka yake amestaafu anakaa nami mchana kutwa, nimepata nafasi ya kumfundisha na maneno ya kusema. Mume wangu akamnyooshea karatasi. Wifi akasema hana miwani, na karatasi yoyote siku hizi mtu anaweza kuichapisha, tena mtu aliyetoka kiwandani.

Basi ikabidi aisome mwenyewe. Alianza juu kabisa, na namba ya usajili, kwa sababu ndivyo alivyo. Akasoma tarehe. Akasoma jina langu, na mbele yake "hana tatizo". Akasoma jina lake. Hapo akasimama, akavuta pumzi, akasoma mstari ule wote mpaka mwisho, neno kwa neno, kwa sauti, mpaka jirani aliyekuwa anafagia uani akaacha kufagia.

"Una hakika?" wifi akauliza. Hakuwa anatania. Nadhani hata hakukumbuka kwamba hilo ndilo jina la utani la kaka yake.

"Nina hakika," akasema. "Nimekuwa nayo miaka kumi na tisa."

Wifi aliikunja ile shuka. Akaikunjua, akaikunja tena vibaya. Kisha akaondoa nguo kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, akazitia sakafuni, akakisogeza upande wangu. Samahani hakusema, na mimi sikuisubiri. Nilikaa.

Koti nimelishona upya, kwa uzi wa buluu, mishono ikilalia upande wangu. Ndani ya bitana sasa hamna kitu. Karatasi iko sebuleni, mume wangu mwenyewe ameitia kwenye fremu, nyuma ya ile fomu ya laki moja na tatu, na nikiipangusa siku ya Ijumaa najua iko pale. Bado hatujawa sawa. Siku nyingine anaongea nami vizuri na mimi namjibu vizuri, siku nyingine nikimwona tu nakumbuka alikuwa mlangoni, na chakula kinakuwa kichungu. Daftari analifanyia nyumbani sasa, mezani kwangu, na lile neno analitamka kwa sauti. Wiki iliyopita aliniita nimsaidie kugawa, akaniuliza zimebaki ngapi, na nikamwambia. Lakini mifuko yake bado naikagua.